Shaba Iliyowaka Saa Mia Tatu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kalamu kwa kuwa simu imeshindwa kutuunganisha. Mara ya mwisho nilipokupigia nilikuuliza umekula nini, nawe ukanijibu kwa furaha kwamba paa halivuji tena. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha machozi yakaendelea na kicheko kikakoma, nikaamua palepale kwamba mimi na wewe tutaandikiana. Masikio yako yamechoshwa na miaka arobaini ya kelele za mota. Hiyo si aibu kwa fundi.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza kupungua. Chumba changu ni kilekile cha ghorofa ya nne, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili. Mwaka juzi nilinunua kiti cha pili, nikakirudisha dukani baada ya miezi miwili, maana hakikukaliwa na yeyote isipokuwa koti langu. Usisikitike, kiti kimoja ni rahisi kufagia chini yake.

Sasa habari yenyewe, na naomba ukae vizuri uisome. Unajua kwamba kazi yangu ni kutengeneza vitu vinavyotoa nuru vikipitiwa na umeme. Hupakwa juu ya kioo, utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, navyo ndivyo vinavyofanya skrini na taa za kisasa ziwake. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa na iridi, metali adimu ambayo dunia nzima inagombea kiasi kidogo. Sisi tunajaribu kuifanya kwa shaba, hiyohiyo uliyoishika maisha yako yote. Taabu ya shaba ni kwamba chembe yake ikipata umeme hutaka kujilaza bapa, kama mtu aliyerudi kazini miguu inamuuma. Ikishajilaza, nuru hupotea na kubaki joto tu. Kwa hiyo tunaizungushia molekuli nene kila upande, ikose nafasi ya kujinyoosha. Hewa nayo ni adui. Nafanya kazi mikono yangu ikiwa ndani ya glavu ndefu zilizofungwa kwenye sanduku la kioo, mfano wa mtu anayemwogesha mtoto wa jirani kupitia dirishani.

Shaba za wenzangu huwaka saa kumi, kisha hufifia. Yangu, Mjomba, imewaka saa mia tatu, kijani iliyotulia, bila kupepesa. Makala imeshaandikwa. Lakini Mkuu wa maabara hachapishi jambo ambalo halijarudiwa na mikono mingine, hivyo maabara moja ya mbali itafuata maelezo yangu hatua kwa hatua. Wakifaulu kabla ya mwisho wa Juni, nitapewa mkataba wa miaka mitatu. Wasipofaulu, nitafunga mizigo.

Nina swali dogo. Ile bangili ya waya uliyonivika siku ya kuniaga, ni shaba tupu, sivyo?

Mpwa wako,
Cheche


1 Machi

Mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, Cheche wa ukoo mzima,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako ilinikuta nimeketi mlangoni pa karakana, nami niliposoma mstari wa saa mia tatu nilisimama, kwa kuwa habari ya namna hiyo haipokelewi na mtu aliyekaa. Wewe unajua kwamba nimezoea kusema mbele ya watu mia mbili: harusi, misiba, mahafali, na mabishano ya mipaka ya viwanja. Leo ukumbi wangu una mtu mmoja, naye yuko mbali. Hata hivyo sitapunguza neno. Hongera, mwanangu. Umeifanya shaba itoe nuru. Mimi kwa miaka arobaini niliifanya itoe nguvu, na nilidhani nimeimaliza.

Ya nyumbani ni mazuri. Tangu mkazamjomba wako atutoke, sasa ni mwaka wa nne, mkono wangu umekataa kujifunza kipimo kipya: bado napika chakula cha watu wawili, na kesho yake nakula cha yule wa pili. Jirani yetu Bi Cherehani anaendelea kushona na kufoka. Juzi aliingia uani ametundika futi yake ya kupimia shingoni, akapiga kelele nikamsikia hata mimi: "We mzee! Hiyo redio unausikilizisha mtaa mzima, au?" Nikamwambia, "Mama, mimi nilidhani imezimwa." Akacheka mpaka akakalia ndoo.

Mwezi uliopita tulimwoza binti wa binamu yako. Sherehe ilipendeza. Hotuba ya ukoo ilisomwa na kijana mmoja kutoka kwenye simu yake. Mimi nilipewa kiti cha mbele kabisa. Ratiba ilikuwa na haraka.

Nilipopata nafasi ya kuzungumza na wageni waliokaa karibu nami, niliwasimulia habari zako, kama kawaida. Niliwaambia: huyu alikuwa na miaka kumi na miwili alipoifunga waya, kwa mikono yake mwenyewe, mota ya pampu ya zahanati, na mota ile ikazunguka miaka kumi na mmoja bila kuguswa na fundi. Ilipokuja kuchakaa kwa uzee, nikautoa waya wake, na huo ndio niliomvika mkononi siku ya kumuaga, mbele ya ukoo mzima. Wakatikisa vichwa. Hadithi hiyo haijawahi kuniangusha.

Mengineyo ni salama. Kula vizuri.

Mjomba wako


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na asante kwa barua. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza ndani ya lifti, nikapitiliza ghorofa yangu. Mpe Bi Cherehani salamu zangu, na umwambie aendelee kufoka, maana nyumba isiyofokewa inatisha.

Mwenye nyumba wangu amehamia kwa mwanawe. Sasa jengo lina ukimya ambao sikuuzoea hata mimi. Nimeanza kuacha bomba la jikoni lidondoke kidogo.

Hukunijibu swali langu. Labda niliuliza kama mtu anayepita njia, nawe ukaniacha nipite. Leo nauliza nikiwa nimesimama mlangoni, na nitakwambia jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua.

Wiki ile ya mapumziko ya mwisho wa mwaka jengo zima lilikuwa tupu. Walinzi walikuwa chini, mimi peke yangu juu. Nilifungua chupa ya chumvi ya shaba nikakuta imegeuka rangi. Mtu hakuikaza vizuri, hewa ikaingia, ikaharibika. Chupa mpya ingechukua siku kumi. Mjomba, sikuwa na mahali pengine pa kwenda kwa siku kumi. Nikakata kipande cha bangili yako, kama urefu wa ukucha, nikakiyeyusha kwenye asidi, nikatengeneza chumvi yangu mwenyewe kwa njia ya vitabu vya zamani. Nilijiambia shaba ni shaba. Na nilifurahi kufanya kazi na kitu cha nyumbani. Nilikisemesha, kama unavyosemesha mota. Hiyo ndiyo shaba iliyowaka saa mia tatu.

Daftarini nikaandika: "chumvi ya shaba, kutoka chupani." Ningewaambia nini? Kwamba niliyeyusha bangili niliyopewa na mjomba? Hapa kila kitu kina namba na cheti. Tangu hapo nimerudia mara nne kwa chumvi ya chupa mpya, na mara zote nuru imekufa kabla ya kufikisha saa kumi na mbili. Ile maabara ya mbali imejaribu mara moja, ikapata saa tisa. Wanadhani wamekosea wao. Wameniandikia kwa adabu kuomba radhi.

Kuna kitu ndani ya waya ule ambacho si shaba. Mashine ya kukipima tunayo, lakini anayeiendesha ni mwenzetu tunayemwita Mrefu, naye hapokei sampuli bila fomu, na fomu huenda mezani kwa Mkuu. Kuipeleka ni sawa na kusimama na kukiri. Na nikikiri, nakiri kwamba niliandika uongo katika daftari, na huo mkataba nitausikia kwenye bomba.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Waya ule ulitoka wapi hasa? Uliwahi kuungwa? Uliungwa kwa kitu gani? Tafadhali usinisimulie hadithi. Niambie waya.

Cheche


2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika juzi tu. Posta siku hizi wanafanya kazi kama watu wanaosubiri kustaafu, nami naomba uwasamehe, kama ninavyojitahidi kuwasamehe.

Mvua imenyesha wiki mbili. Faida ya masikio yangu ni kwamba nalala bila kusikia bati. Bi Cherehani amepata kazi ya sare za shule na ameniajiri kukata nyuzi. Nakata, yeye anazungumza, na kila baada ya muda naitikia. Tunapatana sana kwa mtindo huo. Karakana nimeipunguza. Naifungua asubuhi, napanga spana, nafunga adhuhuri.

Kuhusu waya: shaba ni shaba, mwanangu, umesema vyema mwenyewe. Kazi ya zamani ina mambo mengi na mtu hawezi kukumbuka kila kiungo. Hao wa mbali wape muda. Mkono wa fundi mmoja si mkono wa mwingine.

Nimefikiri pia kwamba miaka saba ni mingi. Hapa kuna shule ya sekondari inayotafuta mwalimu wa kemia tangu mwaka jana. Nalitaja tu.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Sina habari za nyumbani leo. Ndiyo, bomba bado linadondoka.

Barua zangu huchukua siku kumi na nane kukufikia. Hazijawahi kuchukua arobaini. Sitasema zaidi ya hapo kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu.

Maabara ya mbali imejaribu mara ya pili. Saa nane. Jumatatu, katika kikao, Mkuu alifungua daftari langu mbele ya watu kumi na wanne, akaweka kidole kwenye ukurasa, akaniuliza taratibu: "Kuna chochote ulichofanya ambacho hukukiandika?" Wote wakanigeukia. Nikasema: "Hapana."

Nimesema hapana, Mjomba. Mpaka siku ile ulikuwa uongo wa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imefungwa. Sasa nimeutamka kwa mdomo, na kila asubuhi nawakuta wamekaa kwenye meza zao wakiwa wameuamini. Mrefu ameanza kubaki jioni kunisaidia kutafuta kosa. Ananiletea chai. Miaka saba nimekaa hapa bila mtu kuniletea chai, na sasa inaletwa kwa ajili ya kutafuta kitu ambacho najua kilipo.

Juni inaisha tarehe thelathini. Nikijua kilichomo ndani ya waya nitaweza kusimama na jibu. Nisipojua, nitasimama na aibu tupu.

Nijibu.

Cheche


8 Juni

Cheche,

Barua yako ilifika jana, na hii inaondoka leo.

Katika maisha yangu nimesimama mbele ya watu mara zisizohesabika na sijawahi kupata kigugumizi. Leo kalamu imenisimama mkononi toka asubuhi, na chai imepoa mara mbili. Nitasema kwa mpangilio, maana sijui kusema kwa namna nyingine.

Kwanza, waya. Waya niliokuvika haukutoka kwenye pampu ya zahanati. Ulitoka kwenye mota ya winchi ya kupandishia mizigo, iliyoungua na kuletwa kwangu mwaka ule ule ulioondoka. Ni waya mnene wa kutokea nje ya mota, na sehemu hizo haziungwi kwa risasi ya kulehemu, kwa kuwa zikipata joto risasi huachia. Huchomelewa kwa aloi, mchanganyiko wa metali, yenye madini ya fedha. Nilikata kipande chenye kiungo, nikakichonga kwa tupa mpaka ukikipitishia kidole husikii kitu, nikakipinda kuwa bangili. Kwa hiyo unachotafuta ni fedha. Ilikuwa upande wa ndani, karibu na ncha. Kama ulianza kukata nchani, basi ndipo ulipokata.

Pili, sababu ya kuukosa waya wa pampu. Haukuwapo. Mota uliyoifunga wewe haikuzunguka. Niliipima asubuhi iliyofuata ukiwa shuleni, ikaonyesha hitilafu, na kama ningeipeleka ingeungua siku ileile na zahanati ikakosa maji. Nikautoa waya wako wote, nikaifunga upya mimi kwa waya mwingine. Ilinichukua mpaka ulipokaribia kurudi. Ulipoingia nikawasha swichi, ikazunguka. Ulikuwa umekaa kwetu miezi mitano tangu mama yako azikwe, na katika miezi hiyo hakuna aliyekusikia ukicheka. Ulicheka. Mkazamjomba wako alitoka jikoni mikono ina unga kuja kuona kulikoni.

Nilikusudia kukwambia baada ya wiki. Kisha ikawa mwezi, kisha ukawa wa kwanza darasani, na kila aliyeuliza ulianzia wapi ulijibu, "Nilianzia kwenye mota." Nikaanza kuisimulia mwenyewe. Mtu akisimulia jambo mara nyingi mbele za watu, nalo likapigiwa makofi, huja siku anaona picha yake waziwazi, kana kwamba lilitokea. Siku ya kukuaga nilihitaji waya wa hadithi ile, na hadithi haikuwa na waya.

Haya niliyajua yote. Sikuwa nimesahau kiungo chochote.

Mjomba wako


29 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mvua imekwisha na unalala vizuri.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilikasirika siku mbili nzima, kwa sauti kubwa, humu chumbani. Nadhani wapangaji wapya wa chini sasa wanakufahamu. Alhamisi kulikuwa na kikao.

Nilisimama kabla Mkuu hajafungua ajenda. Nikasema, "Nina la kusema juu ya ukurasa wa hamsini na nne." Nikasema yote: chupa iliyoharibika, jengo tupu, bangili, asidi. Nikasema pia kiungo na fedha. Kisha Mrefu akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hajaota:

"Uliyeyusha bangili?"

"Kipande chake."

"Na iliyobaki?"

Nikaivua nikamsukumia mezani. Akaitazama, akasema, "Wiki zote hizi nimekuwa nikikupikia chai huku imekaa mkononi mwako." Baadhi walicheka. Yeye hakucheka.

Mkuu akasema, "Nilikuuliza. Mbele ya wote. Kwa nini ulisema hapana?"

"Kwa sababu ilikuwa ya nyumbani."

"Hiyo si sababu."

"Najua."

Akanisogezea daftari. Hapa kwetu ukurasa hauchanwi, wala neno halifutwi. Ukikosea, unapitisha mstari mmoja tu, ili kila atakayekuja aweze kulisoma kosa lako chini yake, kisha unaandika lililo kweli pembeni, na tarehe, na sahihi. Nikapitisha mstari juu ya "kutoka chupani".

Mrefu alipima mchana huohuo. Ni fedha, Mjomba. Sehemu tatu katika mia. Inaonekana chembe ya fedha inajipachika kati ya chembe za shaba na kuzibana zisijilaze. Ijumaa alichukua shaba ya chupani, akaitilia fedha kwa kipimo, akapaka utando. Ninapokuandikia umefikisha saa sabini, na bado unawaka.

Kwa hiyo ugunduzi upo, na ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Lakini si wangu tena. Makala yangu imeondolewa. Mkuu aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, akaniambia kwamba daftari angeweza kulisamehe, lakini ile "hapana" ya kikaoni hawezi, kwa sababu kesho atauliza swali lingine na hatajua jinsi ya kupokea jibu langu. Sikubishana naye. Nimemwaga unga. Mkataba unaisha mwisho wa Agosti.

Jana niliandikiwa na profesa wa ile maabara ya mbali, iliyokuwa ikijaribu kurudia kazi yangu. Barua fupi: "Nimepoteza miezi minne nikitafuta kosa ambalo halikuwa langu, na nimekukasirikia sana. Nahitaji mtu wa kazi hii. Ulisema wakati ungeweza kunyamaza. Njoo." Ni miaka mitatu. Ni mbali zaidi, siku mbili za safari kutoka hapa nilipo, na sioni jinsi nitakavyokuja kukuona kabla haijaisha. Anataka jibu kabla ya katikati ya Agosti.

Na ile shule uliyoitaja, nimeifikiria pia. Nimeifikiria zaidi ya unavyodhani.

Kuhusu mota. Kilichoniuma si kwamba haikuzunguka. Kilichoniuma ni kwamba ulilijua kosa langu miaka ishirini na hukunionyesha lilikuwa wapi. Niligeuza mwelekeo wa koili? Nilikwaruza vanishi inayoukinga waya? Nimekuwa nikijiuliza kila nikipanda ngazi.

Niende, au nije? Sema neno moja. Nitalifuata.

Cheche


18 Julai

Cheche,

Ulikwaruza vanishi. Tundu la tatu kutoka kushoto, kwenye kona, ulipoulazimisha waya uingie badala ya kuusindikiza. Koili zako zilikuwa sawa, na mafundo yako yalikuwa mazuri kuliko yangu ya umri ule. Ni kosa la kila anayeanza, na lingesahihishwa kwa dakika moja kama ningekuita ukae karibu nami. Nimekunyima dakika hiyo. Nisamehe.

Umeniomba neno moja. Kabla sijalitoa, yapo mengine ambayo huna budi kuyajua, ili upime lina thamani gani likitoka kwangu.

Barua yako ya Machi haikuchelewa. Ilifika tarehe kumi na moja Aprili, nami nikalijua jibu kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Nilikaa nayo wiki tatu. Ulipopokea maungamo yangu uliona aibu ya mzee aliyetunga hadithi, na mimi nikakuacha uione hivyo, kwa kuwa aibu ni kitu cha heshima kidogo. Aibu ilikuwapo, ndiyo. Lakini aibu ningeimeza. Kilichonifunga mkono ni maneno yako mwenyewe ya Februari: wasipofaulu, nitafunga mizigo. Nikayasoma mara nyingi mno. Nikaona kwamba nikinyamaza tu, bila kufanya jambo lolote, bila kusema uongo hata mmoja, utarudi.

Nikaanza kuomba washindwe. Watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, wanahangaika na sanduku la kioo, na mimi huku naomba mikono yao iteleze. Mwezi Aprili nilipaka rangi chumba chako. Nilinunua kitanda. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu wa ile shule, akaniandikia maswali yake kwenye ubao nikamjibu kwa mdomo, nikamwambia mpwa wangu yuko njiani. Ile "hapana" uliyoitamka kikaoni, na wiki zile za chai ya mwenzio, vina alama ya kidole changu.

Nami si mgonjwa, usije ukadhani naandika haya kwa kuagana. Nina afya ya kuchosha. Ni kwamba nyumba hii, kuanzia saa kumi jioni, haina mtu wa kumwambia kitu, na hata angekuwapo nisingesikia anachonijibu. Hilo sikuwahi kukuandikia, kwa kuwa nililiogopa zaidi kuliko yote: nilijua ukilisoma utakuja.

Mtu aliyeomba ushindwe hana haki ya kukuelekeza njia. Lakini umeniuliza mimi, na kwa upande wa mama yako hakuna mkubwa mwingine wa kukujibu. Basi nakujibu.

Nenda.

Shule nimeiambia wasingoje. Kitanda nimempa Bi Cherehani. Dada yake amekuja kukaa naye, na walikuwa wakilala wawili kwenye kimoja. Alikuja na mkokoteni, akaniuliza pale mlangoni kilinunuliwa kwa ajili ya nani, na safari hii nadhani nilimsikia, lakini nikajifanya sikumsikia.

Ukifika huko, niandikie anwani kwa herufi kubwa, na jina la mtaa ulikamilishe lote, usilifupishe.

Mjomba wako